Kengele Nyuma ya Sauti ya Marehemu

Saa mbili na nusu asubuhi ngamia alikuwa ameshatafuna nusu ya maua ya bosi, yale ya zambarau yaliyopandwa mlangoni pa kituo siku waziri alipokuja kukata utepe.

Askari watano walikuwa wamemvuta tangu alfajiri. Wamemsukuma matako, wamempigia miluzi, mmoja amemwomba kwa jina la Mungu. Ngamia jike, mweupe kama unga wa ngano, alikuwa amepiga magoti katikati ya uwanja, karatasi yenye namba ya kesi ikipepea kwenye kamba yake, na hana habari na mtu.

"Munyao! Ondoa mnyama huyo!" Inspekta Mkuu Mwiti alifoka kutoka dirishani.

"Hasimami, afande."

"Mpe amri!"

"Nimempa. Hajui Kiswahili cha serikali."

Askari waligeuza nyuso wasionekane wakicheka. Sajini Munyao hakucheka. Alikuwa Mkamba wa Mwingi, mwenye darasa la sita na miaka kumi na sita ya upelelezi mjini Garissa, na katika miaka hiyo alikuwa ameona wakubwa tisa wakija na kalamu mpya na kuondoka na kitambi kipya. Ngamia aliyekaidi amri ya Mwiti alikuwa, kwa maoni yake, kiumbe mwenye akili kuliko wote waliokuwa pale uwanjani.

Alimzunguka polepole. Shingoni palikuwa na chapa ya moto, mraba mkubwa uliounguza ngozi yote ndani yake. Hiyo ilikuwa chapa ya Rage, mfanyabiashara wa mifugo mwenye zizi kubwa kule Galbet. Munyao alipitisha kidole juu ya kovu. Watu huchoma mistari, maana mistari inatosha kumtambulisha mnyama. Huyu alikuwa amechomwa kama mtu anayefuta ubao.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Jana saa kumi, mchungaji mmoja aitwaye Diriye, umri miaka thelathini, alikamatwa darajani akimwongoza ngamia huyu mchana kweupe. Rage akasema kaibiwa. Diriye akasema ngamia ni wa mama yake, aliibwa Elwak mwaka jana pamoja na wenzake sita. Mwiti akasema faili liwe mahakamani saa nane mchana. Kwa wizi wa mifugo, sheria ilikuwa na miaka kumi na minne ikimngoja Diriye, na Diriye ndiye mtoto pekee wa mama yake.

Munyao alipita kwenye nondo za rumande.

"Diriye. Mbona ulimchukua mchana, watu wakikuona?"

"Afande, mtu anachukua mali yake usiku kwani yeye ni mwizi?"

"Ungeripoti."

"Tuliriboti Elwak. Nenda angalia kitabu chao. Mwaka mzima wanatuambia tunafuatilia, tunafuatilia. Sisi ndio tumefuata, kwa miguu."

Munyao alikwenda kuandika maelezo ya mlalamikaji.

Rage alikuwa ameketi ofisini, ndevu nyekundu kwa hina, kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Chai ya bosi.

"Andika haraka, sajini wangu. Lori langu linangoja."

"Ngamia huyu ulimpata wapi?"

"Nimpate wapi? Kazaliwa kwangu. Galbet. Mwaka wa nane huu."

"Amewahi kutoka Garissa?"

"Aende wapi? Ni ngamia wa maziwa, si basi."

"Na wewe, mara ya mwisho kufika Elwak ni lini?"

Rage alicheka mpaka chai ikamwagika kidogo. "Elwak? Miaka miwili sijakanyaga. Barabara gani mmetutengenezea ya kwenda Elwak?"

"Weka sahihi hapa. Na hapa. Na kila ukurasa."

Rage aliweka sahihi kila ukurasa, herufi kubwa za mtu anayependa jina lake.

"Na ngamia wangu nampata lini?"

"Ukiweza kumwinua," alisema Munyao.

*

Chumba cha kompyuta kilikuwa mwisho wa ukumbi, mlango wenye kufuli na kibao cha shaba kilichotaja majina ya wakubwa walioleta mashine. Siku ya utepe walikata keki humo ndani. Tangu siku hiyo hakuna kesi hata moja iliyopelekwa pale, mpaka Wanji alipotumwa kutoka Nairobi wiki iliyopita kuja kuikagua, akaikuta imefunikwa kitambaa cha meza chenye mafuta ya sambusa.

Wanji alikuwa msichana mwembamba wa miwani, mwenye sweta katika joto la Garissa kwa sababu ya feni.

"Ndani ya hii kuna nini?" Munyao aliuliza.

"Kila kitu, Sajini. Kamera za soko la mifugo, miaka mitatu. Na zile simu kumi za madalali mahakama iliruhusu zinakiliwe kwenye kesi ya mwezi uliopita, nimezinakili juzi. Picha, video, jumbe za sauti. Jumla laki tatu na ushei."

"Tafuta ngamia."

Wanji aliandika neno. "Elfu arobaini na moja."

"Jike, mweupe."

"Elfu tisa."

Munyao alitazama saa. Saa tatu na robo. "Nani aliweka maneno kwenye hizi picha?"

"Hakuna. Mashine inakisia."

"Kwa hiyo tusiiambie. Tuionyeshe."

Wanji alimgeukia. "Hiyo njia ipo. Unaipa picha moja, inaleta ishirini na nne zinazofanana. Unaweka alama ya kijani kwa inayokaribia, nyekundu kwa isiyofaa, inatafuta tena. Kila ukiikosoa inajifunza."

"Kama mtumishi mpya jikoni. Ukimwambia lete sufuria, analeta zote. Ukimwambia si hii, ile yenye mpini uliolegea, kesho hakosei."

"Sasa nani atakosoa? Mimi ngamia wote naona mmoja."

"Namjua atakayekosoa," alisema Munyao.

Saado, mama yake Diriye, alikuwa amekaa nje tangu jana, mgongo ukutani, buibui la kahawia limejaa vumbi la safari. Alipoambiwa aingie ndani alivua viatu mlangoni kama anayeingia msikitini.

"Eedo, shangazi, karibu kiti. Huyu ni Wanji. Atakuonyesha ngamia."

"Ngamia wangu iko hapo nje," Saado alisema. "Naitwa Saado, yeye naitwa Addey. Nini tunatafuta tena?"

"Tunatafuta alikopita. Tukimwona popote kabla ya chapa ya Rage, kijana wako anatoka."

Saado alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo. Wanji aliingiza picha ya Addey aliyopigwa uwanjani. Ishirini na nne zikatokea.

"Habana. Hii iko dume, nyinyi hamuoni? Habana. Hii mdomo yake mlevi. Hii mtoto. Hii…" alikaribia. "Hii shingo fizuri, lakini nundu imelala."

"Kijani ama nyekundu?"

"Shingo kijani. Nundu nyekundu."

Wanji alicheka, akakata picha kwa kisanduku akachukua shingo peke yake. Raundi ya pili. Ya tatu. Kufikia ya tano, mashine haikuleta tena madume wala watoto, na Wanji mwenyewe alianza kusema "huyu nundu imelala" kabla ya Saado kufungua mdomo.

Raundi ya sita ilileta video ya simu ya dalali mmoja. Soko la Modogashe, tarehe ishirini na tisa Aprili mwaka jana. Ngamia jike mweupe, na aliyeshika kamba yake ni Diriye.

Mlango ulikuwa wazi. Mwiti, aliyekuwa akipita na kijiti cha meno, alisimama.

"Kumbe! Simamisha hapo! Mwizi wa zamani huyu. Modogashe sokoni, kamba mkononi. Chapisha picha hiyo, weka kwenye faili. Kazi nzuri, Wanji. Nitawaambia Nairobi." Akaenda zake akipiga mluzi.

Saado alikuwa amejishika mdomo. Wanji alimtazama Munyao.

"Nichapishe, Sajini?"

"Video ina urefu gani?"

"Dakika moja na sekunde ishirini."

"Bosi ameona sekunde ngapi?"

"Nane."

"Wakubwa husoma hadi pale panapowafaa. Endeleza."

Kwenye kioo, Diriye alimfungua ngamia mdomo akatazama meno. Akainama akatazama shingo. Akanusa sikio. Kisha akamrudishia mzee mmoja ile kamba, akatikisa kichwa, akaondoka mikono mitupu. Kwa mbali akaonekana akimshika ngamia mwingine, na kumwachia vilevile.

"Alikuwa anatafuta," Saado alisema. "Soko kwa soko. Mwaka mzima kijana yangu alikuwa anatafuta."

"Nakili yote," Munyao alisema. "Yote, si picha. Mwizi anayerudisha kamba sijamwona bado." Alisimama, akatembea hadi dirishani. Nje, Addey alikuwa amefikia maua ya upande wa pili. "Lakini hii inamwondolea Diriye aibu tu. Haimtoi. Kwa macho hatutafika. Mtu aliyefuta chapa anajua watu wataangalia chapa."

Wakati huo feni ilinyamaza na kioo kikawa cheusi. Stima ilikuwa imekatika.

"Jenereta?" Wanji aliuliza.

"Dizeli yake ilikwenda harusini wiki mbili zilizopita, na gari la bosi." Munyao alichukua mpira wa maji uliokuwa kando ya maua na jerikeni ya jikoni. Baada ya dakika kumi alirudi akitema mate, na jenereta ikanguruma. Hakuna aliyeuliza gari la bosi lilikuwa na hali gani.

Saa nne na nusu.

"Eedo," alisema akikaa karibu na Saado, "hebu nifundishe. Mtu ameiba ngamia saba Elwak. Hatumii lori, lori litakaguliwa njiani. Anawatembeza usiku, mchana anajificha. Saba wasiomjua. Wanamfuataje?"

Saado alimtazama kama mtu aliyeulizwa maji huchotwaje. "Hawafuati mtu. Wanafuata Addey. Addey ndio iko na koor."

"Koor ni nini?" Wanji aliuliza.

"Kengele ya mti. Korane, bwana yangu, Mungu amrehemu, alichonga. Mvua ya kwanza ikabasuka ubande moja, yeye akashona na ngozi. Sasa inalia mara mbili. Moja safi, moja na kikohozi. Ko… kwaa. Ko… kwaa. Hawa wengine wakisikia hiyo, wanakuja hata gizani."

Munyao alichungulia dirishani. Uwanjani ngamia alikuwa na kamba na karatasi ya kesi, basi. Shingoni hapakuwa na kengele.

"Kwa hiyo mwizi hakuweza kuivua Elwak."

"Akivua, wote saba wanaboteana."

"Aliivua alipofika. Wanji, madalali hutuma jumbe za sauti wakiwa wapi?"

"Popote. Njiani, zizini, hotelini."

"Mashine yako ina masikio?"

Wanji alikuwa ameshaanza kubonyeza. "Nipe mfano wa sauti, Sajini, kama tulivyoipa picha."

Wote wawili walimgeukia Saado. Mama yule aliingiza mkono ndani ya buibui akatoa simu ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa, kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Hii alinitumia Korane, kutoka kisimani. Miaka nne imebita. Baada ya hiyo hakurudi. Sijasikizisha mtu mwingine." Akaiweka mezani. "Kengele iko nyuma."

Mke wa Munyao mwenyewe alifariki kitandani akingoja sahihi ya daktari mkuu aliyekuwa kwenye semina, na simu yake ya zamani ilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku, chaji imejaa.

Wanji alicheza ujumbe. Sauti nzito ya mzee ilijaza chumba, Kisomali cha polepole, na mbali nyuma yake, hafifu kama mtu anayegonga mlango wa jirani: ko… kwaa.

Mashine ilitafuta. Ikaleta wazee. Wazee ishirini na wanne, mmoja anauza mbuzi, mmoja anagombana na mkwewe, mmoja anaomba dua.

"Imemsikiliza marehemu," Wanji alisema. "Yeye ndiye mwenye sauti kubwa."

"Kuna mahali ananyamaza?"

"Anakunywa chai," Saado alisema haraka. "Kabla ya kusema jina yangu. Anakunywa, halafu anasema Saado."

Wanji alirudisha nyuma. Mvuto wa chai, kimya, kengele mara mbili, halafu jina. Sekunde tatu. Alizikata akaipa mashine zile tatu tu.

Raundi ya kwanza: michi, milango, mikokoteni ya punda. Saado alifumba macho, kiganja hewani.

"Habana. Habana. Hiyo kijiko ndani ya kikombe. Hiyo mtu anabigilia msumari."

Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Raundi ya pili ilikuja na kengele.

"Hiyo chuma. Ya mbuzi. Hiyo mti, lakini mti mzima, haina kikohozi. Hiyo karibu. Karibu, lakini haraka sana, hiyo ngamia inakimbia."

"Kijani?"

"Kijani kidogo."

"Kijani kidogo hakuna, eedo."

"Basi weka kijani, nitakufa mimi na hii mashine yako!"

Raundi ya tatu kengele za mti ishirini. Ya nne kumi na nne. Saa sita ilipogonga, raundi ya tano ilileta tisa. Wanji alibonyeza ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Saado alisimama wima, kiti kikaanguka nyuma yake.

Ko… kwaa.

Na juu yake sauti ya mwanamume mwenye haraka, kwa Kiswahili ili mnunuzi wa Nairobi aelewe: "Wandugu, nimetoka Elwak jana na mali saba, safi kabisa. Siku kumi na mbili niko Modogashe. Mwenye lori ajitayarishe."

Munyao hakuhitaji kuuliza. Mtu aliyecheka asubuhi mpaka akamwaga chai hasahauliki sauti.

"Tarehe?" Munyao aliuliza.

"Tano Aprili mwaka jana. Namba ya simu ni ya Rage."

Munyao alipiga simu Elwak, akamtaka askari wa zamu afungue kitabu cha ripoti cha mwaka jana. Saado, ngamia saba, tarehe tatu Aprili, saa nne asubuhi. Mtu alikuwa ameandika, kisha kitabu kikafungwa. Siku mbili baada ya ripoti hiyo, Rage aliyekuwa hajakanyaga Elwak miaka miwili alikuwa ametoka huko na mali saba.

"Tumemshika!" Wanji alisema.

"Bado. Wakili wake atasema kengele zote ni moja. Cheza zilizobaki."

Ya nne hadi ya nane zilikuwa za njiani. Ya tisa ilikuwa video ya siku kumi na moja zilizopita, Rage akitangaza madume ya mizigo zizini kwake Galbet. Kamera iligusa tu dume moja jeusi lililokuwa mbele ya wenzake. Shingoni, kengele yenye mshono wa ngozi.

"Hakuitupa," Wanji alinong'ona.

"Nani anatupa koor fizuri?" Saado alisema, na kwa mara ya kwanza alikuwa kama anakaribia kucheka. "Ngamia saba wamefundishwa kuifuata. Hata mwizi hawezi kutupa."

Munyao alichukua kitabu cha matukio cha kituo. "Eedo, kengele ile ina alama gani mtu haoni kwa nje?"

"Ndani. Juu kabisa, bale ulimi imefungwa. Korane alichoma chapa yetu na msumari. Ndoano na vijiti viwili."

Munyao aliandika yote, akachora ndoano na vijiti viwili, akaandika saa: sita na dakika ishirini na tano. Saado akaweka dole gumba, Wanji sahihi. Kisha akapiga simu Galbet.

"Rage, ndugu yangu. Njoo umchukue ngamia wako. Hasimami, bosi analia na maua yake."

"Warya, nyinyi hamjui wanyama!" sauti ilicheka simuni. "Ngamia haburutwi. Nakuja na kiongozi wangu."

*

Rage aliingia uwanjani saa saba na nusu, kanzu nyeupe, bakora mkononi, akitembea mbele ya dume jeusi. Alipofika langoni kengele ilisikika kabla yake.

Ko… kwaa.

Addey aliacha kutafuna. Masikio yakageuka. Kisha ngamia yule aliyewashinda askari watano na amri ya Inspekta Mkuu akainuka, nyuma kwanza, halafu mbele, akatembea moja kwa moja hadi kwa dume akasimama bega kwa bega. Ndani ya rumande mtu alipiga kelele: "Addey! Hooyo, mama, hiyo ni koor ya aabo, ya baba!"

Mwiti alitoka akipiga makofi. "Mnaona! Mnyama anamjua mwenyewe. Munyao, faili liko wapi?"

"Linakuja, afande. Sahihi moja tu imebaki." Munyao alimgeukia Rage. "Kweli amekujua."

"Nilikwambia."

"Ama amejua kengele?"

"Kengele yangu, ngamia wangu. Kuna tofauti?"

"Yako? Nzuri. Nani fundi?"

"Mimi mwenyewe. Mwaka juzi, kwa mkono huu."

"Afande umesikia? Mwaka juzi, kwa mkono wake." Munyao aliandika, akatia nukta. "Na ndani yake uliweka alama?"

Rage alisita. Macho yake yalikwenda kwa Saado aliyekuwa amesimama kivulini, kisha kwenye kengele. "Alama gani? Ni kengele, si barua."

"Basi hukuweka."

"Sikuweka."

Munyao aliifungua kengele shingoni mwa dume. Hakuitazama. Alimpa Mwiti kitabu cha matukio, kikiwa wazi kwenye mchoro, kisha akampa kengele. "Soma saa iliyoandikwa, afande. Halafu wewe mwenyewe angalia ndani. Mimi darasa langu ni la sita, naweza kukosea."

Mwiti alisoma. Akainua kengele juani, akachungulia. Kijiti cha meno kilimdondoka.

"Ndoano," alisema. "Na… vijiti viwili."

"Uongo!" Rage alisema. "Wameweka sasa hivi!"

"Kengele imeingia na wewe sasa hivi. Wanji!"

Wanji alikuwa dirishani na spika. Kwanza alicheza marehemu: mvuto wa chai, kengele, "Saado." Miaka minne iliyopita, kengele iliyochongwa mwaka juzi ilikuwa tayari inalia. Kisha akacheza ya pili, na Rage alijisikia mwenyewe uwanjani mbele ya askari kumi na wawili: nimetoka Elwak jana na mali saba, safi kabisa.

"Sauti inaweza kutengenezwa," Rage alisema, lakini alikuwa akiliambia dume lake jeusi.

"Inaweza. Na kitabu cha Elwak nacho? Na maelezo haya uliyotia sahihi kila ukurasa, kwamba hujakanyaga huko miaka miwili?" Munyao alimpokonya bakora polepole, kama anayempokea mgeni mzigo. "Vua viatu na mkanda. Chumba ni kilekile, kuna mtu anatoka sasa hivi. Na ukiwa humo, jaribu kukumbuka hawa sita wengine uliwauza wapi. Wanji ana raundi za kutosha."

Diriye alitoka akiwa peku, macho yamebana kwa mwanga. Hakuenda kwa ngamia. Alikwenda kwa mama yake, akainamisha mwili wake mrefu mpaka kichwa kikafika begani pake, na Saado akampiga kofi dogo la shingoni, kisha akamshika hapohapo.

"Mwaka mzima," alisema. "Na hata kofia hukuvaa."

Saa nane kasoro dakika tano Mwiti alikuwa ameshapiga simu Nairobi. "Ndiyo, mkubwa. Ile mashine tuliyoleta. Nimesimamia mwenyewe hatua kwa hatua." Akamwita askari wa kupiga picha, akavaa kofia, akaishika kamba ya Addey, akatoa kifua mbele ya maua yaliyosalia. "Munyao, sogea pembeni kidogo. Unamziba mnyama."

Munyao alisogea. Alitazamana na Saado kwa kitambo kifupi sana, kisha akampa kengele.

"Eedo, kielelezo hiki kinahitaji kupigwa picha na kufika mahakamani kesho. Leo kitalala kwa mwenyewe. Weka dole gumba hapa."

Saado aliweka dole gumba. Kisha, bila kumtazama bosi, bila hata kuvuta kamba, akageuka kuelekea langoni na kuitikisa kengele mara moja.

Ko… kwaa.

Addey alianza safari. Inspekta Mkuu Mwiti, aliyekuwa ameizungusha kamba mkononi mara mbili ili picha itoke vizuri, alianza naye. Alipiga hatua tatu za heshima, kisha nne za haraka, kisha mbio, kofia ikabaki kwenye maua, na askari wa kupiga picha, kwa kuwa hakuwa ameambiwa aache, akaendelea kupiga.

"Hifadhi hizo, Wanji," Munyao alisema. "Siku moja mtu atazitafuta."